Mwalimu wa pati-taimu California, semista imeisha Mei: anaweza kudai hela ya kukosa kazi mpaka Agosti?

Hili swali linarudi kila ikifika mwezi wa tano, na linawagusa wengi wetu tunaofundisha pati-taimu kwenye vyuo vya jamii huku California, kwa hiyo leo nataka tulichukue kwa kisa kimoja tu na tukifuate kuanzia barua ya kazi mpaka hela inaingia au inakataliwa. Mwalimu wa kisa hiki nimemtunga, sio mtu ninayemjua, na mshahara wake nimeupanga ili hesabu ziwe rahisi kufuata, ila sheria na viwango ni vya kweli, na barua aliyopewa ni aina ile ile ambayo wengi wenu mnayo kwenye imeili zenu sasa hivi.

Mwalimu wetu anafundisha uandishi, yuko chuo kimoja cha umma, huu ni mwaka wake wa nne. Semista ya Januari mpaka Mei alikuwa na madarasa matatu, kila darasa dola 4,500, jumla 13,500 kwa semista. Mbona asipewe manne au matano ili aishi vizuri? Kwa sababu sheria ya elimu ya California inamzuia mwalimu wa pati-taimu kuvuka asilimia 67 ya mzigo wa mwalimu wa fultaimu ndani ya wilaya moja ya vyuo, ndio maana unaona watu asubuhi wako chuo hiki mchana wako kingine na chakula wanakulia kwenye gari. Semista inaisha mwisho wa Mei, inayofuata inaanza mwisho wa Agosti, na katikati hapo hana darasa la kiangazi wala hana mshahara. Halafu kabla ya mitihani anatumiwa barua inayosema amepangiwa madarasa mawili kwa semista ya Agosti, chini yake imeandikwa kwamba mgawo huu unategemea idadi ya wanafunzi watakaojiandikisha, upatikanaji wa fedha na mabadiliko ya programu, na kwamba mwalimu wa fultaimu ambaye darasa lake limekosa wanafunzi anaweza kupewa la kwake. Anasaini kwamba ameipokea, basi.

Sasa anafungua fomu ya EDD, ile idara ya jimbo inayoshughulikia bima ya kukosa kazi, na fomu inamuuliza kama amefanya kazi shuleni au chuoni, na kama ana "reasonable assurance" ya kurudi baada ya likizo. Hilo neno tuliite uhakikisho wa kutosha. Anafikiria, anasema mimi nimefundisha hapa miaka minne, barua ninayo, mkuu wa idara ananipenda, anatiki ndiyo. Akishatiki ndiyo kazi imeisha, kwa sababu amejibu mwenyewe swali la kisheria ambalo jibu lake kwa karatasi aliyonayo ni hapana, na hakuna mtu ofisini atakayeomba aione ile barua ili amsahihishe.

Niseme kwanza hiyo sheria imetoka wapi, maana bila hilo mtu anaona kama anatafuta ujanja. Wafanyakazi wa shule hawakuwepo kwenye bima hii tangu mwanzo, walianza kuingizwa na marekebisho ya 1970 upande wa vyuo vikuu, halafu marekebisho ya 1976 yakayalazimisha majimbo kuwaingiza wafanyakazi wa shule za umma, na yakaanza kazi 1978. Bunge la Marekani lilivyowaingiza likaona tatizo: mwalimu wa fultaimu mwenye mkataba wa mwaka hadi mwaka, mshahara wake umepangwa ukijua kabisa kuna likizo ndefu, je na yeye kila Juni ajiandikishe kama hana kazi? Ndipo ikawekwa kanuni kwenye sheria ya kodi ya bima ya ajira ya taifa, kifungu 3304(a)(6)(A), kwamba mtu anayefundisha, anayefanya utafiti au aliye kwenye uongozi mkuu wa shule hapewi hela ya kipindi cha katikati ya mihula kama alifanya kazi muhula uliopita na ana mkataba au uhakikisho wa kutosha wa kufanya kazi muhula unaofuata. Kwa huyo wa fultaimu kanuni ina mantiki kabisa, sina ugomvi nayo. Tatizo ni kwamba vyuo vimehamia kwenye walimu wa semista kwa semista, na kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya mtu mwenye uhakika inatumika kwa mtu ambaye darasa lake linaweza kufutwa siku mbili kabla ya kipindi cha kwanza.

Kwa California jibu limeshatolewa na mahakama zamani. Mwaka 1989 Mahakama ya Rufaa ya California iliamua kesi inayojulikana kama Cervisi, ya walimu wa pati-taimu wa wilaya ya vyuo vya jamii ya San Francisco, ikasema ofa ya kazi inayotegemea idadi ya wanafunzi, fedha au mabadiliko ya programu sio uhakikisho wa kutosha. Na kifungu 1253.3 cha sheria ya bima ya ajira ya jimbo kinaeleza uhakikisho wa kutosha kuwa ni pamoja na ofa au mgawo wa kazi, ilimradi usiwe unategemea wanafunzi, fedha au mabadiliko ya programu. Sasa rudi kwenye barua ya mwalimu wetu uisome tena. Masharti ni yale yale matatu, kwa mpangilio ule ule, yaani chuo chenyewe kimeandika kwa mkono wake kwamba hakimhakikishii kitu. Barua ambayo mwalimu aliidhani ni kikwazo ndiyo ushahidi wake mkubwa kuliko wote, na asije akaitupa.

Kwa hiyo jibu sahihi la lile swali ni hapana, na kwenye nafasi ya maelezo anaandika kitu kifupi, kwamba mgawo wangu wa Agosti unategemea idadi ya wanafunzi, fedha na mabadiliko ya programu, kwa hiyo sina uhakikisho wa kutosha kwa mujibu wa Cervisi na kifungu 1253.3. Kuna swali jingine linafanana na hilo, kama una tarehe maalum ya kurudi kazini. Hapo napo watu wanateleza, wanaandika tarehe semista inapofunguliwa kwa sababu wameiona kwenye kalenda ya chuo. Kalenda inakuambia lini chuo kinafungua milango, haikuambii kama wewe utakuwepo darasani. Na huku sio kudanganya hata kidogo, naomba hili lieleweke, kwa sababu najua wapo wanaoogopa, hasa wenzetu ambao bado wanasubiri makaratasi ya uhamiaji. Kusema nina uhakikisho wakati barua inasema hakuna ndiyo taarifa isiyo sahihi.

Na kwa hao wenye hofu ya uhamiaji niliseme hapa hapa: bima ya kukosa kazi inahesabiwa kama stahili uliyoifanyia kazi, haiingizwi kwenye kile kipimo cha mtu kuwa mzigo kwa serikali. Unachotakiwa ni kuwa na kibali cha kufanya kazi, kwa kipindi cha mshahara unaohesabiwa na kwa kipindi unachodai.

Tuje kwenye hela. Mwalimu wetu anaomba wiki ya kwanza ya Juni. Mtu akiomba kati ya Aprili na Juni, EDD inaangalia mshahara wake wa Januari mpaka Desemba ya mwaka uliopita, inatafuta robo mwaka yenye kipato kikubwa kuliko zote. Tuseme kwake ni Oktoba mpaka Desemba, alipata dola 8,840. Mtu wa kipato hiki malipo yake ya wiki ni nusu ya robo hiyo kugawa kwa 13, yaani 8,840 gawanya kwa 26, inatoka 340. Kiwango cha chini California ni dola 40 kwa wiki na cha juu 450, kwa hiyo yuko katikati. Wiki ya kwanza ni ya kusubiri, hailipwi. Kuanzia Juni mpaka semista inafunguliwa zipo kama wiki 12, toa moja zinabaki 11, mara 340 ni dola 3,740. Kwa mtu anayelipwa 4,500 kwa darasa zima la semista, hiyo ni hela ya kodi ya nyumba, sio hela ya kuachia hivi hivi kwa sababu ya kisanduku kimoja kwenye fomu. Na hii bima haikatwi kwenye mshahara wa mwalimu, anayeigharamia ni mwajiri.

Akipata kibarua kidogo hapo katikati asikatae kwa kuogopa kufutiwa, ila akitaje. Tuseme wiki moja ya Julai amesimamia semina akapata dola 200. California inakuachia dola 25 au robo ya ulichopata, kipi kikubwa, kwa hiyo 50 haihesabiwi, 150 inatolewa kwenye 340, analipwa 190 juu ya ile 200 yake. Anatoka mbele kuliko angekaa nyumbani.

Maombi yanaanza Jumapili ya wiki uliyotuma, kwa hiyo mtu anayesubiri mpaka Julai ndio aulizie anapoteza Juni yote, na sababu ya "sikujua" kwa kawaida haikubaliki. Wiki ile ile uliyosahihisha mtihani wa mwisho na kazi ikaisha, tuma.

Baada ya hapo EDD inakitaarifu chuo, na chuo kina nafasi ya kujibu. Hapa ndipo maneno yanapoanza kutofautiana. Ofisi ya utumishi inaweza kujibu kwa fomu ya jumla, ndiyo, mwalimu huyu ana uhakikisho wa kurudi semista ijayo, jibu lile lile ambalo lingetumwa kwa mwalimu wa fultaimu. Sidhani kila mara ni roho mbaya, mara nyingi ni karani ana orodha ndefu ya majina. Ila matokeo kwa mwalimu ni yale yale. Anapigiwa simu ya mahojiano, na hapo asizungumze kwa lugha ya matumaini. Swali litakuja kirafiki kabisa, unategemea kurudi kufundisha Agosti? Sisi tumelelewa kujibu inshallah, Mungu akipenda nitarudi, na ukijibu hivyo kwa Kiingereza inasikika kama ndiyo. Ajibu kwa kilichoandikwa: nimepewa mgawo wenye masharti, masharti ni haya, napenda kurudi lakini chuo hakijanihakikishia.

Tuseme pamoja na yote hayo amekataliwa. Inatokea, na huo sio mwisho. Ile barua ya uamuzi ina tarehe ya kutumwa, kuanzia hapo ana siku 30 za kukata rufaa, rufaa inaenda kwenye bodi ya rufaa ya bima ya ajira ya jimbo, chombo tofauti na EDD, na kesi inasikilizwa na jaji wa utawala, mara nyingi kwa simu. Haihitaji wakili. Wakati anasubiri anatakiwa aendelee kujaza uthibitisho wa kila wiki mbili kama vile analipwa, na hapa ndipo watu wanapoumia kweli kweli, kwa sababu wakishakataliwa wanakata tamaa wanaacha kujaza, wanashinda rufaa mwezi wa tisa halafu wanaambiwa wiki hizo hukuthibitisha. Jamani jaza. Hata kama mtandao unaonyesha sifuri, jaza.

Mbele ya jaji ningepeleka nini? Ile barua ya mgawo, kwanza kabisa, kila mstari. Kipengele cha mkataba wa chama cha walimu kinachosema walimu wa pati-taimu ni wa muda na mgawo wao unaweza kufutwa. Kama kuna imeili za semista za nyuma ambapo darasa lake au la mwenzake lilifutwa, hizo pia. Kisha maelezo mafupi kwamba Cervisi inahusu hali hii hii. Jaji wa utawala anasikiliza kesi za watu waliofukuzwa kwa kuchelewa, walioacha kazi wenyewe, kila aina, kwa hiyo usidhani moja kwa moja kwamba ana kesi ya 1989 kichwani siku hiyo, itaje kwa jina.

Na chuo kitasema nini? Hoja yake yenye nguvu ni historia: miaka minne mfululizo amepangiwa, hajawahi kukosa kabisa, na pengine yuko kwenye orodha ya wenye haki ya kupangiwa kwanza. Hii hoja naiheshimu, sio ya kupuuza. Mtu akiwa na haki ya kipaumbele kwenye mkataba uwezekano wake wa kurudi ni mkubwa kuliko wa mgeni, hilo ni kweli. Lakini kipaumbele kinamwambia yeye ni wa ngapi kwenye foleni, hakimwambii kama madarasa yatakuwepo, na ndani ya mgawo wenyewe masharti matatu bado yapo. Kwa California hapo ndipo hoja ya chuo inapoishia kwa maoni yangu. Ingekuwa tofauti kama barua isingekuwa na masharti, au kama angekuwa na mkataba wa mwaka mzima wenye mshahara uliotajwa. Hapo hana kesi na nisingemshauri apoteze muda.

Wapo wasomaji walioko Texas, Ohio, Minnesota, watasema sisi Cervisi haituhusu. Kweli, ni uamuzi wa California. Ila Wizara ya Kazi ya Marekani ilitoa maelekezo kwa majimbo yote tarehe 22 Desemba 2016, waraka namba 5-17, na ukiyasoma utaona yanamsaidia sana mtu wa pati-taimu. Yanasema kabla ya kitu kuitwa uhakikisho wa kutosha lazima kwanza ofa iwe ya kweli na itolewe na mtu mwenye mamlaka ya kuitoa, iwe ni ya kazi ya hadhi ile ile, na masharti yake ya kifedha yasiwe chini sana ya muhula uliopita, na chini sana wamesema ni chini ya asilimia 90. Sasa mpime mwalimu wetu. Alilipwa 13,500 kwa madarasa matatu, asilimia 90 yake ni 12,150, ofa ya Agosti ni madarasa mawili yaani 9,000. Imeanguka hapo hapo, hata kabla hatujagusa masharti! Wengi hawalioni hili, wanaona "nimepangiwa" wanaacha kuhesabu nimepangiwa kiasi gani.

Kama ofa ingevuka hicho kipimo, waraka unaendelea kuuliza, hilo sharti liko mikononi mwa nani. Kama liko mikononi mwa chuo, mfano kuamua kozi zipi zifundishwe, kugawa bajeti iliyopo, kubadilisha programu, au nafasi ya majengo, basi hakuna uhakikisho, kwa sababu mtu hawezi kukuahidi kitu huku ameshika uamuzi wa kukunyima. Ile sentensi ya mwalimu wa fultaimu kuchukua darasa lako, mimi naiona iko kwenye kundi hili, kwa sababu nani apewe darasa gani ni uamuzi wa chuo. Kama sharti liko nje ya uwezo wa chuo, kama idadi ya wanafunzi au fedha zitakazopitishwa na bunge la jimbo, hapo wanaangalia mazingira yote kwa jumla, na lazima iwe kuna uwezekano mkubwa sana wa kazi kuwepo, huku lile sharti lenyewe likipewa uzito wa kwanza. Kwa hiyo jimbo lako likikukatalia kwa neno moja tu kwamba ulifundisha mwaka jana, una cha kusimamia kwenye rufaa, japo njia yake ni ndefu kuliko ya mtu wa California.

Kitu kingine. Katazo la likizo linagusa mshahara wa shule tu. Kama mwaka uliopita mwalimu wetu alikuwa pia anafanya kazi wikiendi kwenye duka au ukalimani wa hospitali, na huo mshahara peke yake unafikia kiwango cha chini, California ni 1,300 kwenye robo moja, au 900 kwenye robo kubwa na jumla ya mwaka ikiwa mara 1.25 ya robo hiyo, basi hata akionekana ana uhakikisho chuoni anaweza kulipwa kwa hesabu ya ile kazi ya nje. Itakuwa ndogo. Ila ni yake.

Masharti ya kawaida nayo yapo kama kwa mtu yeyote, uwe na uwezo wa kufanya kazi, uwe tayari kuifanya, na uwe unaitafuta, uandike umeomba wapi. Na hapa lazima niseme la wazi kwetu sisi ambao kiangazi ndio muda wa kwenda nyumbani kuwaona wazazi: ukiwa umesafiri nje ya Marekani kwa wiki tatu, wiki hizo haupo tayari kufanya kazi, usizidai, na uthibitisho ukiuliza jibu ukweli. Ukirudi endelea. Kwa California taarifa ya uongo ya makusudi inakurudishia deni lote na adhabu ya asilimia 30 juu yake, na unaweza kufungiwa wiki 5 mpaka 23, kwa ajili ya wiki tatu ambazo ungeweza tu kuziacha. Kwa ajili ya kodi, serikali ya taifa inaitoza hii hela, jimbo la California haliitozi, kwa hiyo weka kidogo pembeni au omba wakukate mapema.

Kuna jambo moja kwenye hii sheria linaniuma na sitalificha. Wapishi, madereva wa basi, wasafishaji na makarani wa shule nao wana katazo la likizo, ila sheria ya taifa inawapa kinga: kama mtu aliambiwa ana uhakikisho akanyimwa, halafu muhula ukafunguliwa kazi haipo, analipwa zile wiki za nyuma ilimradi alikuwa anazidai kwa wakati. Ni haki kabisa. Mwalimu hakuwekewa kinga hiyo kwenye sheria ya taifa. Yaani mwalimu akitiki ndiyo mwezi wa sita kwa imani njema, na mwezi wa nane chuo kikafuta madarasa yake yote, hata ile kinga ndogo ya kurudishiwa Juni na Julai hana, anaanza kuhesabiwa pale uhakikisho ulipovunjika. Watunga sheria walimwona mwalimu kama mtu mwenye mkataba, na hawakumrudia alipoacha kuwa nao. Ndio maana nakomalia lile jibu la kwanza kwenye fomu, mwalimu wa pati-taimu hana nafasi ya pili kama aliyonayo mpishi wa shule hiyo hiyo.

Tumalizie Agosti ya mwalimu wetu. Tuseme rufaa imekubaliwa, hela za nyuma zimeingia. Katikati ya Agosti anapata imeili kwamba madarasa yake mawili yamejaa na amethibitishwa bila masharti. Hapo hali imebadilika kweli, na kwa wiki zilizobaki za likizo anatakiwa aiambie EDD. Kulipwa Juni na Julai hakuwi kosa kwa sababu darasa lilikuja kufunguliwa, kinachoangaliwa ni alikuwa na uhakikisho gani wiki ile, sio kilichokuja kutokea.

Au tuseme imekuwa kinyume, darasa moja limefutwa wiki ya kwanza kwa kukosa wanafunzi na amebaki na moja la 4,500. Wengi wakishaanza kufundisha wanafunga ukurasa wa EDD hapo hapo, wanaona nina kazi sasa. Hesabu kwanza. Darasa moja kwa semista ya wiki 17 ni kama dola 264 kwa wiki, robo yake 66 haihesabiwi, inabaki 198, toa kwenye 340, anaweza kulipwa 142 kwa wiki huku anafundisha, kama bado anatafuta kazi nyingine na anataja kipato chake chote. Maombi yake yanaishi mwaka mzima tangu siku yalipoanza, na kati ya kiwango cha juu cha wiki 26 ametumia 11 tu. Haanzi upya, anayafungua tena yale yale ya Juni, na anayafungua wiki hiyo hiyo darasa lilipofutwa.